Kondoo wa Nashilu

Daktari Anande Elimringi alikuwa mtu wa kupenda ukweli, na watu wa namna hiyo ni wazuri sana kuishi nao mtaa mmoja, ilimradi ukweli wenyewe usiwe wako. Fundi seremala aliyemwahidi meza Ijumaa akaileta wiki mbili baadaye hakugombezwa. Aliulizwa tu, kwa sauti ya chini, "Siku ile uliponiambia Ijumaa, ulijua unanidanganya?" Baba wa watu, mwenye wajukuu, akakosa pa kuweka macho. Mtaa mzima wa Sekei ulimheshimu, na wengi walikuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja. Wachumba walikuja enzi za ujana wake, wakakimbia maswali. Hakuolewa, wala hakuonekana kujutia.

Alirudi nchini mwaka 1991, wakati wa ruksa, pale Arusha kila mwenye chumba cha mbele alipokigeuza duka na kila mwenye gari bovu alipolipaka rangi. Serikali ilikuwa imeruhusu tena madaktari kufungua vituo vyao. Wenzake aliosoma nao walifungua vya malaria na taifodi, magonjwa yenye wateja wa uhakika. Yeye alipanga nyumba ndogo pale Sekei akatundika kibao: magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu kwa watoto. Watu walikisoma, wakatikisa vichwa, wakaendelea na safari zao. Miaka ya mwanzo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kunywa chai.

Hata hivyo walikuja, na walikuja kwa mlango wa nyuma. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa mitumba alisimamisha gari mtaa wa pili akamalizia kwa miguu, mtoto amefunikwa khanga gubigubi. Mwalimu wa Tengeru alimleta binti yake saa za masomo, ili asikutane na wanafunzi wake njiani. Na kila mama, kabla hajaulizwa hata umri wa mtoto, alianza kujitetea: hakuvuka makaburi akiwa mjamzito, hakumtukana mama mkwe, hakuchukua mume wa mtu. Anande aliwasikiliza huku ameuma meno. Hakuwakasirikia wao. Aliwakasirikia wale waliowatuma kujitetea.

Profesa wake huko Uswidi alikuwa amemfundisha jambo moja lililompa amani kuliko mahubiri yote aliyoyasikia tangu abatizwe. Wengi wa watoto hawa wamezaliwa na kosa dogo katika vinasaba, yale maagizo ambayo kila mtu huyapokea kwa baba na mama kabla hajawa na hata kidole. Hakuna aliyelitenda kosa hilo. Limetokea tu, labda zamani sana, likapokewa. Kwa hiyo Anande alitoa damu za watoto, akazifungasha kwenye barafu, akazikimbiza kwenye kampuni ya vifurushi iliyofunguliwa mjini baada ya biashara kuachiwa huru, zikapanda ndege. Majibu yalichukua miezi, mengine miaka. Mengi yalirudi yakisema haijulikani bado. Machache yalirudi na jina la ugonjwa, na siku ya jina Anande alipika mtori, akala peke yake huku akiimba tenzi. Aliandika kuhusu watoto hao katika majarida ya madaktari, akaitwa Nairobi na Geneva kuzungumza. Hakuna jina hata moja lililokuwa na dawa, na hilo alilijua. Alichotaka kilikuwa kingine kabisa. Alitaka kuwatoa akina mama kizimbani.

Na chanzo chake kilikuwa Machame, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, ambako alizaliwa mdogo wake Ebenezer. Mtoto yule hakukaza shingo, hakukaa, hakusema. Bibi, mzaa baba, alitoa hukumu mapema: mke huyu alitoa mimba usichana wake, na sasa Mungu anamlipa. Nyumba ile iliwaka moto miaka na miaka. Baba akahamishia mlo wake kwa mama yake, na mama yao akawa analima na kulia, analia na kulima.

Kisha mwaka 1964, Jumamosi moja wakifua nguo mtoni, mama alimwambia Anande bila kuinua uso, "Kesho nitasema uongo kanisani. Usilie." Anande alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya pili yake mama alivaa gauni jeupe, akasimama mbele ya usharika pamoja na wale waliokuja kutubu ili warudishwe kundini, akatubu dhambi ambayo hakuifanya. Mchungaji akamwombea. Bibi akawa wa kwanza kumkumbatia.

Tangu siku ile baba alikula nyumbani, na Krismasi bibi mwenyewe ndiye aliyembeba Ebenezer mgongoni kumpeleka ibadani. Ebenezer alipokufa, bado kijana, usharika wote ulikuja kumzika. Lakini hayo yote Anande hakuyaona. Aliuona ule uongo tu, na gauni jeupe, na akala kiapo cha kitoto kwamba siku moja atajua hasa Ebenezer aliugua nini, arudi na jibu, amsafishe mama yake mbele ya watu walewale. Alikuwa Uswidi mama alipofariki. Damu ya Ebenezer haikuwepo popote. Kiapo kikabaki kinamdai.

Basi Nashilu alipotokea, mwaka 1995, alikuta kiapo kinamsubiri.

Yeye aliingia kwa mlango wa mbele. Hakujua kwamba kuna wa nyuma. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kiarusha, hajafika thelathini, ametoka Oldonyo Sambu alfajiri, rozari shingoni chini ya shanga zake, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, daktari. Nimemleta huyu, Yoeli. Kaka yake, Tajeu, nimeshamzika."

Anande alimlaza mtoto kitandani. Miguu ilikaza kama fito. Kichwa kilitikisika. Na macho yake, makubwa na mazuri, yalikuwa yakicheza kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila kutulia mahali.

"Macho yameanza lini?"

"Tangu nimemzaa. Tajeu naye hivyohivyo."

"Wasichana unao?"

"Mmoja, Evaresta. Huyo mzima kabisa. Anachunga mbuzi na kuwapiga wavulana." Nashilu akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Daktari, nyumbani wanasema ni mimi. Wanasema niliangalia nyuma."

Huko kwao bibi harusi akitolewa kwa baba yake huenda macho mbele, pole pole, hata kama nyuma yake analia nani. Akigeuka kutazama alikotoka, ameuharibu uzazi wake. Mama mkwe wake Nashilu alikuwa ameyapanga mambo vizuri: tazameni macho ya watoto wake, yanakwenda huku na kule, yanatafuta kile mama yao alichogeuka kukitafuta. Anande mwenyewe alikiri moyoni kwamba uongo ule ulikuwa umeshonwa na fundi.

"Uliangalia?" aliuliza, maana yeye ilikuwa lazima aulize.

"Sikuangalia. Mama yangu alikuwa analia nyuma yangu, shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Lakini sikuangalia." Alimfunika mtoto vizuri. "Sasa wanasema nikiri, achinjwe kondoo, nipakwe mafuta yake mimi na mtoto, yaishe. Nisipokiri, nirudishwe kwetu Kisongo. Na mimi sitaki kwenda Kisongo, daktari. Nimejenga pale, mume wangu Lemburis si mtu mbaya, kaburi la Tajeu liko pale. Nimechoka. Nafikiri niseme tu niliangalia."

"Usiseme!"

Ilitoka kwa sauti kubwa hata Yoeli akashtuka. Anande akashusha pumzi, akamshika Nashilu mkono. "Mama Yoeli, usikiri kitu ambacho hukukifanya. Nipe muda. Nitalijua jina la ugonjwa huu, nitakuja kwako mwenyewe, nitawaambia wazee kwamba hukutenda neno."

"Utakuja kweli?"

"Nimeshasema."

Kisha akamuuliza kuhusu ukoo wake. Nashilu alifikiri. Ndiyo, mama yake alikuwa na kaka aliyekufa mdogo, naye waliimba kwamba macho yake yanacheza ngoma. Dada mkubwa wa Nashilu mwenyewe alizaa mvulana wa namna hiyo, naye hakuishi. Wasichana wote walikuwa wazima. Anande aliposikia hayo alihisi furaha, na ni lazima isemwe hivyohivyo, furaha ya mwindaji aliyeona nyayo. Alitoa damu ya mtoto na ya mama, akaifungasha kwenye barafu.

Majibu yalirudi mwaka uliofuata yakiwa na jina, majina ya madaktari wawili wa Ulaya waliokufa zamani. Ugonjwa unaowashika wavulana. Wanawake huubeba bila kuugua, bila kujua, wakaupitisha kwa baadhi ya watoto wao. Safari hii Anande hakupika hata mtori. Aliwasha Suzuki yake asubuhi ileile, akapita Ngaramtoni na kushika barabara ya Namanga.

Upande ule wa Mlima Meru upepo ni mkavu na vumbi ni jingi, na siku ile kulikuwa na baridi. Aliposhuka kwenye boma la Mzee Yiamat, baba yake Lemburis, alikuta wanaume wazima wamekaa kwenye vigoda, wanawake wamesimama upande wa pili, na kwenye nguzo ya uzio kondoo wa kahawia mwenye mkia mnene amefungwa kamba. Nashilu alikuwa katikati, amejifunga shuka jipya, Yoeli mgongoni. Evaresta, msichana wa kama miaka kumi, alikuwa ameushika upindo wa shuka la mama yake. Nashilu alikuwa amesubiri hadi akachoka. Ndiyo ilikuwa siku yake ya kukiri.

"Shikamoo, mzee," Anande alisema.

"Marahaba, binti yangu," Mzee Yiamat alijibu. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyewahi kumwona Anande pale Sekei alipomsindikiza mjukuu wake. "Umetukuta kwenye shughuli. Karibu ukae, haitachukua muda."

"Mzee, naomba niseme kabla yake."

Nashilu alimgeukia. Alimsogelea hadi karibu kabisa, akamnong'oneza. "Daktari, ahsante kwa kuja. Lakini niache niseme. Ni neno moja tu. Kondoo ameshapatikana."

Anande alimtazama, na tuamini kwamba hakumwona Nashilu. Alimwona mama yake ndani ya gauni jeupe. "Hutasema," alimnong'oneza. "Si mbele yangu."

Akaomba ngozi ya ng'ombe, ikatandikwa. Akaomba mahindi na maharage, na punje chache za mahindi zilizoungua kwenye jiko. Hii ilikuwa njia yake ya kazi, aliibuni mwenyewe kwa ajili ya akina mama wasiosoma, na aliisifia hata Geneva: hindi ni mwanamume, harage ni mwanamke, hindi lililoungua ni mwanamume aliyeugua. Akapiga magoti juu ya ngozi, daktari mzima na sketi yake, akapanga ukoo wa Nashilu. Bibi yake, harage. Mjomba wake, hindi lililoungua. Mama yake, harage. Dada yake, harage, na chini yake hindi lililoungua. Nashilu, harage, na chini yake Tajeu na Yoeli, na harage moja pembeni.

"Mnaona?" alisema. "Mjomba huyu aliugua kabla Nashilu hajazaliwa. Sasa Nashilu aliangaliaje nyuma kabla hajazaliwa? Huyu mama hana kosa. Hakutenda neno lolote. Ni damu tu, ameipokea kwa mama yake, na mama yake aliipokea kwa bibi yake."

Kimya kilichofuata alikipenda. Alikijua kimya cha vyumba vya mikutano, na hiki alikidhania kuwa cha watu wanaoelewa. Na kweli walikuwa wanaelewa. Hawa ni wafugaji, daktari alilisahau hilo. Walikuwa wanajua tangu utotoni jinsi kasoro ya ng'ombe inavyoshuka kutoka kwa jike hadi kwa ndama, na walikuwa wanaisoma ile ngozi haraka kuliko wanafunzi wa udaktari.

Mmoja wa wazee aliinua fimbo, akaligusa harage lililobaki peke yake pembeni, chini ya Nashilu.

"Na hili?"

"Hilo ni Evaresta."

"Analo?"

Hapo mtu mwingine angemung'unya maneno. Angesema tuombe Mungu, angesema mtoto mzima huyu si mnamwona. Anande hakujua kufanya hivyo. "Hatujui bado," alisema. "Inawezekana analo, inawezekana hana. Na wadogo zake Nashilu walioko Kisongo vilevile."

Mama mkwe alianza kulia. Huyu ndiye aliyeshona ule uongo, na sasa alilia kwa uchungu wa kweli. Mzee Yiamat aliitazama ngozi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole uleule, "Binti yangu, tumekusikia. Umesema vizuri, na umetoka mbali. Lakini laana tungeichinjia huyu kondoo, ikaisha leo. Damu tuichinjie nini?"

Anande aliinamia ngozi, akaanza kunyoosha mistari ya punje zake.

"Mfungueni," mzee alisema. Lemburis aliinuka, akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba bila kumtazama mke wake. Kondoo alisimama kidogo asijue la kufanya, kisha akatoka langoni kufuata wenzake. Nashilu alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye vumbi. Hakulia. Aliinama, akaokota mahindi na maharage yote, akayarudisha kwenye bakuli, maana yalikuwa ya chakula.

Nashilu hakupigwa, hakutukanwa. Hilo ndilo lililomuuma Anande zaidi baadaye, kwamba hakupata hata mtu wa kumchukia. Wakati wa kiangazi Lemburis alimsindikiza mke wake hadi Kisongo, akamkabidhi kwa baba yake kwa heshima zote, akalia njia nzima ya kurudi. Kwa desturi mtoto ni wa baba. Kwamba walimwacha Evaresta aende na mama yake bila kumdai, hilo lilisema yote. Waliowachumbia wadogo wawili wa Nashilu wakapata udhuru mmoja mmoja, huyu kaondoka kwenda machimboni Mererani, yule baba yake kaumwa, na hawakurudi. Boma zima la Kisongo, la watu na wasichana wenye afya, lilikaa kama limepigwa alama.

Yoeli alikufa Kisongo, mvua za masika zikiwa zimeanza. Anande alikwenda mazikoni. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, akayatamani hata. Nashilu alimpa kigoda, akampa chai ya maziwa, akakaa chini karibu naye.

"Daktari, hukunidanganya," alisema. "Kila ulichosema kilikuwa kweli. Lakini nilikuomba neno moja tu, uniache niseme. Ningekuwa kwangu leo. Yoeli ningemzika karibu na Tajeu."

Anande alilia pale mbele za watu, mwanamke yule ambaye watu wa Sekei waliamini hana machozi. Nashilu ndiye aliyembembeleza.

Aliendelea na kazi, maana watoto hawakuacha kuzaliwa na yeye hakujua kazi nyingine. Alitoa damu, alifungasha barafu, alisubiri. Lakini ngozi na mahindi aliviacha kabisa, na kabla ya kutoa damu ya mtu alianza kumfungia mlango mama peke yake na kumuuliza swali ambalo hakufundishwa Uswidi: "Nikishajua, nimwambie nani?" Wengi walijibu, usimwambie mtu. Wengine walijibu, hata mimi usiniambie. Aliandika hivyo, akaheshimu. Jina la ugonjwa lilipokuja, hakuimba tena. Na mara nyingi jioni, akiwa anaosha kikombe chake, ilimjia ile picha ya mtoni Machame, mama yake anapiga nguo kwenye jiwe na kusema usilie, na alijikuta akimuuliza marehemu maswali ambayo hakuwahi kumuuliza akiwa hai.

Mwaka 2004 msichana mrefu aliingia Sekei kwa mlango wa mbele. Anande alimtambua kwa shingo kabla ya uso.

"Shikamoo, daktari. Mimi Evaresta wa Nashilu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenituma nikusalimie." Alikaa, akaweka mikono mapajani. Alikuwa ameajiriwa kwenye saluni moja mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha vijana wa mjini, chepesi. "Nimekuja kukwambia naolewa. Na Simel, dereva wa watalii, kwao ni upande wa Longido. Kwao hawajui habari zetu."

Anande alisogeza kiti karibu. "Simel mwenyewe anajua?"

"Nilimwambia siku ya kwanza. Alisema tutaona."

"Evaresta, siku hizi naweza kukupima kwa urahisi. Si kama zamani. Wiki chache tu, utajua kama unalo au huna. Kama huna..."

"Sitaki, daktari."

"Kwa nini?"

"Ukikuta ninalo, nitakaa nalo moyoni kila siku. Ukikuta sina, utafurahi sana. Nakujua. Utataka kwenda Oldonyo Sambu kwa babu, ukawaambie Evaresta ni msafi. Na kila utakaposema mimi ni msafi, utakuwa umemtaja mama tena." Aliyasema yote hayo bila hasira. "Sikuja kupima. Nimekuja kukualika. Siku ya kutolewa nyumbani, nikifika langoni, nitasimama na kuangalia nyuma. Nataka uwepo."

"Utaangalia nyuma makusudi?"

"Makusudi. Wote wanione, mama mkwe wangu, mashangazi zake Simel, wote. Ili kama baadaye, Mungu apishe mbali, nikizaa mtoto wa macho yale, pawe na kitu cha kukiri. Pawe na kondoo."

"Lakini wewe mwenyewe huamini hayo."

"Siamini. Wao wanaamini, na mimi nakwenda kuishi nao."

Anande alitaka kusema mengi. Alikuwa na vitabu ukuta mzima, alikuwa na heshima Nairobi na Geneva, na alikuwa na kiapo chake cha Machame. Alimeza vyote. "Nitakuja," alisema.

Alikwenda Kisongo Jumamosi ile amevaa gauni lake la kitenge la sherehe, akasimama nyuma ya wanawake, karibu na Nashilu. Misa ilikuwa imeshamalizika kanisani, na sasa ilibaki shughuli ya nyumbani ya kumtoa bibi harusi. Wazee walimpaka mafuta ya baraka. Simel alitangulia. Evaresta alimfuata pole pole, kichwa kimeinama, shanga zikilia kifuani. Nashilu alikuwa analia kwa sauti, kama mama yake mwenyewe alivyolia zamani.

Langoni Evaresta alisimama. Wimbo ulipungua. Shangazi mmoja wa Simel akasema, "Twende, twende mwanangu, mbele." Evaresta akageuza shingo, kisha mabega, kisha mwili mzima, akamtazama mama yake. Hakutazama kwa kuibia. Alitazama kwa muda wote uliotosha kila mtu pale kuona. Nashilu alijifunika uso kwa shuka. Hapo ndipo Anande alipomwona mama yake tena, amesimama mbele ya usharika wa Machame na gauni lake jeupe, mkono wa bibi begani mwake, na Ebenezer amebebwa kwenda Krismasi, na safari hii hakuuona uongo mahali popote. Alimwona mwanamke aliyejua anachofanya. Alitamani kumwambia, na hakuwa na wa kumwambia.

Kisha Evaresta akageuka mbele, akaenda. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona, kama alivyotaka.